Fundi wa Ngamiani aliyeipima kompyuta yangu kwa moshi wa udi

Kompyuta yangu ilizimika mara tatu usiku mmoja, na harusi ya watu ilikuwa ndani yake. Bi harusi alikuwa ameahidiwa video yake Ijumaa. Naandika kwa urefu kuhusu fundi aliyeniokoa kwa sababu tunaofanya kazi za video hapa Tanga tunahangaika na jambo hilihili kila kaskazi inapoingia, na wengi tunalipia dawa ya ugonjwa ambao hatuna.

Naishi Makorora. Nahariri video za harusi, sendofu, kicheni pati, na maulidi yakifika. Kompyuta niliiunga mwenyewe nikisaidiwa na mdogo wangu wa kiume mwaka 2021. Vifaa tulikuwa tunavinunua kimoja kimoja Kariakoo, vingine vipya, vingine mtumba, vinaletwa na basi. Prosesa yake, yaani kile kichwa kinachofanya mahesabu yote, ni Core i5-10400, na juu yake tuliweka ile feni fupi inayokuja nayo kwenye boksi. Kasha lina kioo ubavuni, mbele limezibwa na bamba zima lenye uwazi mwembamba pembeni, na lina feni mbili: moja mbele, moja nyuma.

Miaka ya mwanzo haikunisumbua. Kisha feni ya mbele ikaanza kuvuma kutwa nzima, hata nikiwa naandika orodha ya wageni tu. Video ya dakika 40 niliyozoea kuitoa, yaani kompyuta kuikamilisha iwe faili moja la kumpa mteja, kwa dakika 50 ikawa inachukua karibu saa mbili. Mwisho ikawa inazima, bila onyo.

Fundi wa kwanza niliyempelekea simtaji, wala duka lake. Aliifungua palepale, akapuliza vumbi kwa blowa, feni zikawa zinazunguka mpaka zinapiga kelele, akapaka pesti nyingi, ule uji wa kupitisha joto, juu ya prosesa, akaniambia madabodi, lile bamba kubwa linalounganisha vifaa vyote, inakufa na nijiandae kununua nyingine. Nilimlipa 25,000. Siku ya pili ikazima tena. Kilichoniuma ni kwamba hakuniuliza swali hata moja: kompyuta inakaa wapi, inazima nikifanya nini, ilianza lini.

Huyu wa pili nilielekezwa na mpiga picha mwenzangu. Ana kibanda Ngamiani, kwenye hizi barabara zetu za namba, mwendo mfupi kwa baiskeli kutoka soko la Mgandini. Ni mtu mzima, alianza na redio na kaseti, na ndani ana vijana wawili wanaoitana mgosi siku nzima. Nilifika na kasha langu kwenye bajaji nikiwa nimelipakata kama mtoto.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Iweke hapo, usiniambie nani kakwambia nini. Niambie inavyofanya."

Nikamweleza. Akauliza nyumbani inakaa wapi. Nikasema ndani ya kabati la meza, chini, juu ya zulia, nyuma yake kuna ukuta. Akaandika kwenye daftari. Akauliza kama nina kazi halisi kwenye mashine ambayo huwa inaizima. Nikamwonyesha harusi ile. Akaiwasha kasha likiwa bado limefungwa, akafungua programu ya kupima joto, akaiacha itulie: nyuzi 58 bila kazi yoyote. Kisha akaamuru video itolewe. Haikupita dakika moja na nusu, namba ikagota 100, na kasi ya prosesa ikaanza kuporomoka mbele ya macho yetu.

Hapo akanieleza jambo ambalo miaka yote sikulielewa. Prosesa yangu mwisho wake ni nyuzi 100. Ikifika hapo inajipunguza kasi yenyewe isiungue, ndiyo maana video ilikuwa inachukua saa mbili. Joto likizidi kupanda hata baada ya kupunguza, ndipo mashine inajizima. Kwa hiyo kuchelewa na kuzima vilikuwa ugonjwa mmoja, na nilipoona kuchelewa ndipo nilipotakiwa kuja.

Akatoa ubavu wa kioo, akarudia jaribio lilelile. Safari hii ilitulia kwenye 93. Akasema, "Ingekuwa shida ni hewa ya ndani ya kasha peke yake, kufungua kungetupa nafuu kubwa. Imeshuka kidogo. Kuna mawili hapa: hewa haitembei, na hiyo feni ya juu ya prosesa haijakaa sawasawa." Nasisitiza kwamba mpaka hapo hakuwa ameshika bisibisi zaidi ya kufungua ubavu.

Halafu akawasha kijiti cha udi. Kwanza nilidhani anafukiza kibanda. Akarudisha kioo, akapeleka kijiti mbele ya kasha, moshi ukavutwa ndani kwa shida kwenye ule uwazi mwembamba. Sawa. Akakipeleka nyuma, penye feni ya kutolea hewa, na moshi ukavutwa ndani pia. Feni mbili zote zinaingiza, hakuna inayotoa. Hewa ya moto ilikuwa inajipenyeza kwenye vitundu vya juu, na nyingine inazungushwa humohumo.

"Nyumba yenu," akasema, "ukifungua dirisha linalopokea kaskazi na lile la upande wa pili, mnalala. Ukifunga la pili, hata upepo uwe mkali vipi, ndani mnaoka."

Ile feni ya nyuma tuliifunga sisi, mimi na mdogo wangu. Tuligeuza nje upande unaoonyesha mapanga yake vizuri kwa sababu ulipendeza. Kumbe feni ya kompyuta hutolea upepo upande wenye ile mikono ya plastiki inayoshikilia mota, na upande ule mzuri ndio unaovuta. Skrubu nne, dakika tano, akaigeuza. Alinionyesha kwa kidole nijue siku nyingine, na kweli sasa naweza kuitambua feni yoyote kabla haijawashwa.

Kuhusu mvumo wa feni ya mbele, hapa ndipo alipopata imani yangu kabisa, maana angeweza kuniuzia feni mpya na nisingejua. Waya wa feni ile una matundu matatu: hasi, chanya ya volti 12, na moja la kuiambia madabodi inazunguka kwa kasi gani. Feni zenye pini nne zina waya wa ziada unaopokea amri ya kuongeza au kupunguza mwendo. Madabodi yangu ilikuwa imepangwa itoe amri kwa ile pini ya nne, na feni yangu hapo haina sikio. Ikawa inapokea volti 12 kamili na kukimbia mwisho wa nguvu zake saa zote. Akaingia kwenye Biosi, yaani mipangilio ya msingi ya madabodi yenyewe, akabadilisha mpangilio wa soketi ile idhibitiwe kwa kupandisha na kushusha volti. Kimya kikaja. Hakunidai chochote kwa hilo.

Feni ya prosesa ilipotolewa, nilisikitika. Ile ya boksi hushikwa na pini nne za plastiki zinazosukumwa kwenye matundu ya madabodi. Tatu zilikuwa zimekaa, ya nne ukucha wake umekatika, kwa hiyo kona moja ilikuwa imenyanyuka. Pesti ilionyesha wazi: kona hiyo nene kama siagi, kona ya pili imebanwa ikawa nyembamba. Na ilikuwa imefurika mpaka pembeni mwa prosesa. Fundi akasema kazi ya pesti ni kujaza vinyweleo kati ya vyuma viwili, maana hewa iliyonaswa humo haipitishi joto vizuri. Ikiwa nene, yenyewe inageuka blanketi. Akaifuta yote kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, akaweka kiasi cha punje ya mbaazi katikati. Pini akaitoa kwenye kopo la Blue Band alilojaza pini za feni zilizokufa. Akazisukuma kwa mshazari, moja huku na nyingine kona ya pili, kisha akageuza madabodi nihakikishe kwa macho kwamba kucha zote nne zimetokeza nyuma.

Vumbi alilipuliza mwisho, nje ya kibanda, na kidole chake kimeshika kila feni isizunguke. Vijana wake wanafanya vivyo hivyo. Ukiiacha feni izungushwe na blowa unaichosha beringi yake, na mota ikizungushwa kwa nguvu inaweza kurudisha umeme kwenye madabodi. Nikakumbuka zile kelele za duka la kwanza, moyo ukaniruka.

Jaribio la mwisho lilifanywa kwa harusi ileile, kioo kimefungwa, na kipimajoto cha ukutani kikisoma 31. Bila kazi: nyuzi 42. Ikitoa video: 78, ikasimama hapo. Video ikatoka kwa dakika 51. Akanitahadharisha kwamba feni hupoza kwa hewa ya chumba, kwa hiyo chumba kikiwa na nyuzi 32 hakuna feni itakayoishusha prosesa chini ya hapo, na siku za joto kali niitegemee 80 na kitu bila hofu. Akashauri niitoe kabatini, niiweke juu ya meza, nyuma iachane na ukuta angalau shubiri. Nimefanya.

Bei: kazi 20,000, pesti 7,000, pini 3,000. Jumla 30,000. Aliniambia pia kwamba kwa kazi yangu, siku nikijaliwa, ninunue kipozeo kirefu kinachofungwa kwa skrubu na bamba la chuma nyuma ya madabodi, lakini hakunisukuma.

Kasoro zipo na nitazisema kwa haki. Ukihitaji kazi leo leo, utaumia. Mimi niliacha mashine siku tatu kwa sababu foleni yake ni ndefu na haruki mtu. Hatoi risiti, anaandika kwenye daftari lake tu, kwa hiyo mwenye ofisi inayodai karatasi ajue mapema. Simu yake mara nyingi haipokelewi. Na waya mmoja haukufungwa vizuri: nilipofika nyumbani nikasikia tik tik tik, unagusa panga la feni ya nyuma. Nikarudi kesho yake, kijana akaubana kwa kamba ya plastiki mbele ya fundi, fundi akaniomba radhi mwenyewe, na sikulipa.

Harusi niliikabidhi Jumamosi badala ya Ijumaa. Mama wa bi harusi alinielewa.

Sasa imebaki kompyuta ya mdogo wangu. Nayo inazima mchana, naye alikuwa ameanza kutafuta pesa ya madabodi. Nimemwambia asinunue kitu. Feni yake ya nyuma tuliifunga siku moja na yangu, na juzi niliiangalia: upande mzuri uko nje. Jumatatu tunaipeleka Ngamiani.