Mwaka mmoja na post-receive: tovuti inajipandisha yenyewe

Tovuti yangu ni ya zabibu: kurasa arobaini hivi, kuanzia kupogolea hadi ubwiri unga, na picha za shamba la mzee kule Mpunguzi, Dodoma. Naitengeneza kwa Hugo, programu inayogeuza maandishi kuwa kurasa za wavuti, inakaa kwenye seva ya kukodi yenye RAM ya GB 1. Zamani nikirekebisha hata neno moja, nilikuwa nafungua FileZilla, programu ya kupandisha faili kwenye seva, na kuburuta folda nzima. Bando linaliwa, na bado nasahau faili.

Sasa ni Git tu, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya faili. Kwenye seva nilifungua hazina (ghala la Git) kwa git init --bare, ndani ya folda ya hooks nikaweka skripti iitwayo post-receive, ambayo Git huiendesha yenyewe ikishapokea mabadiliko. Nikiandika git push, amri ya kutuma kazi kwenye seva, nyumbani Nkuhungu, yanasafiri mabadiliko peke yake. Skripti inaamka, Hugo inajenga, rsync, programu ya kunakili faili, inahamishia kurasa pale inapozisoma Nginx, programu inayowapa wasomaji kurasa. Ujenzi hauchukui hata sekunde mbili, na skripti ikilalamika, malalamiko yanatokea kwenye skrini yangu hapohapo.

Siku ya kwanza napush, kimya. Kumbe sijaipa ruhusa ya kuendeshwa. Amri ya chmod +x, inayotoa ruhusa hiyo, ikamaliza ubishi.

Kilichoniuma hasa ni --delete ya rsync. Picha za mavuno ya Agosti nilizipandisha moja kwa moja kwenye seva, Git haikuzijua. Push iliyofuata, zote kwisha! Siwezi kuilaumu: kisichokuwepo kwenye chanzo, yenyewe inakifagia. Chache nilizipata kwenye simu ya dada. Tangu hapo kila picha inapita kwenye Git, na juu ya skripti nimeweka set -e ili Hugo ikikwama, rsync isiguse kitu. Ujue pia kwamba post-receive haizuii push: Git itasema imepokea, wakati tovuti imebaki ya jana.

Vijana wa ofisini wananicheka, wao ni GitHub Actions, huduma ya GitHub inayofanya kazi kama hii kwenye mashine zake. Kwa timu, sawa. Kwa mtu mmoja na mistari kumi ya skripti, naona ni kukodi lori kubeba debe. Post-receive naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano ameondoka nayo --delete.

Juzi nilipush nikiwa kwenye treni ya SGR kwenda Dar. Tukaingia mahandaki ya Kilosa, mtandao ukakata katikati. Tovuti haikutikisika. Tulipotoka nikabonyeza mshale wa juu kuirudisha amri ileile, Enter, ikapanda.