Huduma ya barua pepe inayokataa taka mlangoni

Nauza asali ya miombo hapa Tabora, na oda kubwa huja kwa barua pepe. Huduma niliyotumia zamani ilipokea kila kitu, kisha ikaficha ilichokishuku kwenye folda ya taka. Mteja wa Dar es Salaam aliandika akitaka ndoo 40 za lita 20. Barua niliiona siku ya kumi na moja, ameshanunua kwingine. Iliniuma sana, maana yeye aliamini nimeipata nikampuuza.

Hii ya sasa inaamua mlangoni. Seva ngeni, yaani kompyuta inayoleta barua, inapiga hodi, inataja mtumaji na mpokeaji. Ikitiliwa shaka inajibiwa 550, yaani imekataliwa, papo hapo, kabla mawasiliano hayajakatika. Barua haijapokelewa, kwa hiyo seva iliyoituma ndiyo inayopaswa kumjulisha mwenyewe. Mwezi wa Juni anayeniletea chupa alikataliwa kimakosa. Hazikupita dakika mbili akanipigia: "Dada, barua yangu imerudi." Nikaomba anwani yake iruhusiwe, mchana huohuo ikapita.

Wale wanaopokea kwanza ndipo warudishe, mara nyingi humrudishia mtu asiyehusika kabisa, kwa sababu barua taka nyingi hughushi anwani ya mtumaji. Huko ni kumwagia jirani uchafu wako.

Kinachonikera ni barua ya kwanza ya mtu mpya: seva inamjibu 451, yaani jaribu tena baadaye, nami nasubiri hata nusu saa. Hata hivyo nimeshalipia mwaka mwingine.