TAHADHARI: Anayekuuzia "DVD 5.1 orijino" hapa Mwanza, pima kabla hujalipa

Wakuu habari za jioni, naandika nikiwa bado na hasira kwahiyo mnisamehe uandishi. Kama una video yako ya harusi, kwaya au mahafali na unataka iwekwe kwenye DVD sauti izunguke spika zote, soma hii kabla hujatoa hata mia.

Sisi ni kwaya huku Nyakato. Tamasha letu tulirekodi kwa maiki kibao, kijana wetu mmoja akakaa wiki mbili anamiksi 5.1 ya ukweli (sauti sita tofauti, spika tano na subufa), yani waimbaji mbele, solo spika ya katikati, makofi na vigelegele nyuma, ngoma kwenye subufa. Ukisikiliza mwili unasisimka. Sasa wazee wengi wana deki tu nyumbani, faili la MP4 wapeleke wapi, ndo nikashuka mjini mitaa ya Makoroboi kwa jamaa mmoja ana bango la 5.1 (jina sitaji). Diski ya kawaida elfu 3, ya 5.1 elfu 5, tukataka 40, nikalipa laki 2 yote kabla ya kazi. Hilo ni kosa langu.

Jumapili tukakusanyika kwa mama yetu mwenye solo, spika zake za nyuma ziko karibu na mlango wa jikoni. Diski ikaingia, tivii ikaandika Dolby Digital 5.1, watu wakapiga vigelegele. Halafu sauti yake ikaanza kutoka mbele, nyuma, pembeni, kila mahali kwa mkupuo. Akanigeukia, "mwanawane, mbona mimi naimbia jikoni?" Watu wakacheka, mimi sikucheka.

Jamaa kwenye simu ananiambia "braza shida ni deki yenu, si imeandika 5.1 hapo?" Na kweli imeandika! Nikajilaumu mwenyewe kwanza, maana deki iliungwa na zile nyaya nyekundu na nyeupe ambazo zinapitisha chaneli 2 tu, na redio nyingi zikipokea hizo 2 zinazisambaza spika zote. Kwahiyo usimtukane mtu kabla hujacheki waya. Nikanunua waya wa optiko, nikaingia kwenye setingi za deki sauti ikatoka PCM (kwa waya huo ni chaneli 2 tu) ikawa bitstream (sauti inapita kama ilivyo kwenye diski), redio yenyewe sasa ikawasha Dolby Digital. Solo bado iko jikoni.

Tukaingiza diski kwenye kompyuta, tukatoa sauti tukaifungua na Audacity, programu ya kuhariri sauti inayoonyesha kila chaneli kama mstari wake. Mistari sita ipo, sawa. Ila ya kushoto mbele na ya kushoto nyuma ni mapacha, kila kilima na kila bonde vinafanana, za kulia hivyo hivyo, na ya katikati ni hizo hizo zimechanganywa. Tukazima zote tukabaki na ya subufa peke yake, ambayo inatakiwa itoe mngurumo tu wa ngoma, tukamsikia mama anaimba humo humo, sauti imezibwa kama yuko nyuma ya ukuta ila wimbo unautambua. Faili letu lenyewe tukilifungua, mistari sita tofauti.

Iko hivi. Sauti ya faili letu ilikuwa ya aina ya AAC, na DVD haiipokei hiyo, lazima igeuzwe, kawaida inakuwa AC3 (ndo hiyo Dolby Digital), na kwenye DVD mwisho wake ni kilobiti 448 kwa sekunde. Programu nyingi ukiziacha zilivyo zinabana zote sita ziwe 2. Hapo ningemsamehe, ni uzembe. Lakini kuzichukua hizo 2 na kuzirudufu ziwe sita ili deki iandike 5.1, halafu unaniongezea elfu 2 kila diski, elfu 80 nzima, hiyo kwangu ni wizi.

Ukienda kwa yeyote mwambie akutengenezee diski moja kwanza, kaa nayo nyumbani, chomoa spika za mbele usikilize za nyuma peke yake. Ukisikia mwimbaji yuleyule kwa nguvu ileile, usilipe, hata deki iandike nini.

Sisi kijana alirudia mwenyewe, sauti akaigeuza na ffmpeg kuwa AC3 ya 448, akaunga na DVDStyler sauti ikiwa imewekwa "copy" isiguswe tena, programu zote mbili za bure. Tukapeleka kwa mama, deki ile ile. Solo katikati, makofi nyuma. Hakusema kitu, akachukua rimoti akaongeza sauti.

Hela sijarudishiwa. Kwanza ilikuwa njoo Jumatano, baadae simu haipokelewi, sasa hivi anasema diski ikishatoka dukani hairudi. Jana nimepita, bango bado liko, kuna maharusi wawili walikuwa wanaandikiwa risiti, nikawaita pembeni.