Ziara ya Kobe na dakika kumi alizonyimwa mama yangu

Nilijiapiza kutoliandika jambo hili nikiwa na hasira, nikakaa nalo miezi kadhaa nikingoja ipoe, lakini kila nikipitia picha za safari ile nafika kwenye picha moja ya mama yangu amesimama nje ya Msikiti wa Kobe, mji wa bandari wa Japani, mkono mmoja umeshika ncha ya mtandio, viatu vingali miguuni, na moto unawaka upya. Viatu hivyo ndivyo vinavyoniuma. Vilipaswa kuwa vimevuliwa.

Mimi ni mfanyabiashara wa magari yaliyotumika hapa Dar es Salaam, na jina la Kobe nimelisoma kwenye hati za meli mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa kuwa baadhi ya magari yangu hupakiwa huko. Safari hii nilifuatana na mama, ambaye hajawahi kuelewa kwa nini mwanawe anahangaika na nchi ya mbali kiasi hicho. Kwa sababu tulikuwa na siku chache, nililipia ziara ya kutembea kwa miguu inayopangwa kwa ajili ya mteja mmoja tu, na kampuni yenyewe ilijinadi kwamba hakuna ziara zake mbili zinazofanana, kwa maana kila moja hutungwa kutokana na matakwa ya mgeni. Walinitumia fomu ndefu kama ya kuombea viza. Nilijaza mambo matatu: kwamba magoti ya mama hayapendi milima, kwamba chakula chetu lazima kiwe halali, na kwamba mama anatamani sana kuswali adhuhuri katika Msikiti wa Kobe. Jibu lilikuja siku iliyofuata likisema kwamba yote matatu yamezingatiwa kwa furaha.

Huenda msomaji akauliza kwa nini msikiti huo na si mwingine. Huo ndio msikiti wa kwanza kujengwa Japani, ulifunguliwa mwaka 1935 kwa michango ya wafanyabiashara Waislamu waliokuwa wakiishi pale, wengi wao Wahindi na Watatari, na tangu hapo umenusurika mara mbili katika mji ambao haukunusurika: mabomu ya mwaka 1945 yaliteketeza mitaa iliyouzunguka, na tetemeko la mwaka 1995 likaangusha majengo mengi, ukabaki umesimama na minara yake miwili. Mama aliposomewa habari hizo, alisema kwamba mahali palipolindwa namna hiyo hapapitwi bila rakaa. Hakuomba kingine chochote katika safari nzima, hata zawadi.

Tulianza asubuhi kwenye kituo cha treni cha Sannomiya. Mwongoza watalii wetu alikuwa mama mtu mzima mwenye nywele fupi za mvi, Kiingereza chake kikiwa safi, na mkononi ameshika kijibendera, ingawa tulikuwa wawili tu na asingeweza kutupoteza hata angetaka. Nakiri kwamba saa nzima ya kwanza nilimpenda. Alitueleza kwamba Kobe ni mji uliobanwa kati ya milima ya Rokko na bahari, hivyo wenyeji wakielekezana hawahangaiki na kaskazini wala kusini, bali husema upande wa mlima au upande wa bahari, na mama, aliyekulia Tanga, alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa jambo analolijua. Tulipoanza kupanda mitaa ya Kitano, yenye nyumba za wafanyabiashara wa kigeni waliofika baada ya bandari kufunguliwa mwaka 1868, yule mama alituomba tusimame, akafungua begi lake la mgongoni na kutoa kigoda cha kukunja. Alikitandaza kivulini, akakikandamiza kwa viganja viwili kuhakikisha hakiyumbi, kisha akamkaribisha mama aketi. Alirudia hivyo mara nne kabla hatujamaliza mlima. Nilijisemea kwamba huyu ameisoma fomu yangu mstari kwa mstari.

Ndiyo maana yaliyofuata yalinishinda kuyaelewa.

Tulifika msikitini ikiwa imekaribia saa tano na nusu, na adhuhuri siku zile ilikuwa ikiingia kama saa sita kasorobo. Alitueleza historia ya jengo vizuri tu, akatupiga picha, kisha akatazama saa yake na kusema, "Sasa twendeni." Nilidhani amesahau, nikamkumbusha kwa upole kwamba mama anasubiri wakati uingie aswali, na kwamba tusingehitaji zaidi ya dakika kumi baada ya hapo. Alivuta hewa kati ya meno, akainamisha kichwa upande mmoja, akasema, "Itakuwa vigumu kidogo."

Naomba nieleweke hapa. Kwetu mtu akisema itakuwa ngumu kidogo, amekukaribisha mazungumzo. Unakohoa, unabembeleza, unaeleza shida yako upya, na jambo linapata njia. Basi nikabembeleza. Nilimwambia mama ana karibu miaka sabini, kwamba hatarudi Japani tena, kwamba nipo tayari kulipia muda wa ziada. Akasema tena kwamba ni vigumu kidogo, safari hii akitabasamu, na kidole chake kikagonga kioo cha saa mara mbili. Tabasamu lile ndilo lililoniharibu. Nilipandisha sauti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya mama tangu niwe na watoto wangu mwenyewe. Ni mama aliyenishika mkono wa shati akasema, "Baba, muache, yuko kazini. Sisi wasafiri, nitachanganya na alasiri hotelini." Akageuka, akashuka nasi taratibu kuelekea mjini, na hakuutazama msikiti tena. Mimi niliutazama.

Chakula cha mchana sikukionja ingawa nilikila. Ilikuwa nyama ya ng'ombe ya Kobe, iliyokaangwa mbele yetu kwenye bamba la chuma, na watu huvuka bahari kuifuata. Kwangu ilikuwa kama kutafuna kipande cha kanzu. Nilikuwa nikihesabu. Tuliketi saa sita kamili na dakika mbili. Kwa hiyo ni kwa ajili ya mlo, nikawaza, mtu amepimiwa swala yake kwa saa ya mwenye mkahawa. Pale mezani nilikwisha kuamua kuipa ziara hii nyota moja kwenye tathmini yangu, na hiyo moja ni kwa ajili ya kigoda.

Baada ya chakula tulipita bustani ya Higashi Yuenchi, ambapo mji unawakumbuka watu zaidi ya 6,400 waliokufa katika tetemeko la tarehe 17 Januari 1995. Kuna sanamu ya mwanamke yenye saa ambayo mishale yake ilikomea saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, ardhi ilipotikisika, na mwongozaji wetu alisimama mbele yake bila kusema neno kwa muda mrefu kuliko aliotupa msikitini. Nililiona hilo na likanikera, kisha nikaona haya kwamba limenikera.

Mama hakuwa na kinyongo. Tulipofika Nankinmachi, mtaa wa Wachina, aliniambia nimuulize yule mama kwa nini alikuwa na haraka kiasi kile. Nikauliza kwa sauti kavu. Akajibu, akitazama chini, kwamba alitumia karibu wiki mbili kutafuta mkahawa wa nyama ya Kobe iliyo halali wenye nafasi siku yetu, akapata mmoja tu, uliokuwa na meza ya saa sita na si nyingine, na mgeni akichelewa nafasi inapotea. Asingeweza kutulisha kitu ambacho hana uhakika nacho. Nikamuuliza kwa nini hakusema hivyo pale mlangoni. Akasema hakutaka kututwisha matatizo ya kazi yake.

Hapo hasira na aibu viliniingia kwa pamoja hadi sikujua nianze na kipi. Ni kweli kwamba alikuwa akipigania sharti letu moja dhidi ya sharti letu jingine, na kwamba mtu mvivu angetupeleka popote na kusema ni halali. Lakini ni kweli vilevile kwamba uamuzi ule haukuwa wake. Angesema maneno kumi tu, mimi mwenyewe ningechagua, mama angekula mkate na ndizi akiwa ameketi kwenye kile kigoda, na angekuwa ameswali. Ziara iliyotungwa kwa ajili yangu ni ipi basi, kama fumbo lake kubwa linafumbuliwa bila mimi kuulizwa?

Tulimalizia bandarini, Meriken Park, na nikisema sikufurahi huko nitakuwa mwongo. Wameacha kipande cha gati kama tetemeko lilivyokiacha: zege limepasuka vipandevipande, maji yanaingia na kutoka katikati yake, na nguzo za taa zimeinama kila moja upande wake. Ng'ambo ya maji alituonyesha visiwa viwili walivyovijaza kwa udongo uliochimbwa kwenye vilima vya nyuma ya mji. Kisha akaeleza kwamba jina Meriken ni "American" jinsi masikio ya Wajapani wa zamani yalivyolisikia, na kwamba unga wa ngano wa viwandani huitwa meriken-ko kwa sababu hiyo. Nilipomtafsiria mama, aliangua kicheko. "Mwambie," alisema, "na sisi bibi zetu walivaa merikani." Nikamweleza habari za kitambaa cha pamba kilicholetwa pwani yetu na meli za Wamarekani, nacho kikachukua jina lao likiwa limeng'olewa herufi ya mbele vilevile. Yule mama alitoa kidaftari, akaniomba nimwandikie neno hilo, akalisoma kwa sauti mara tatu, mer-i-ka-ni, na wanawake wale wawili wakawa wanacheka kando ya zege lililopasuka huku mimi nimesimama na malalamiko yangu.

Nilipeleka malalamiko hayo kwa kampuni hata hivyo. Wamejibu kwa aya tatu za kuomba radhi ambazo hazina jibu hata moja; sikuomba fedha, niliuliza tu ni nani aliyesoma fomu yangu na kuona kwamba mambo mawili yanagongana, na kwa nini hakuniandikia mapema. Kwa hilo sijawasamehe, na nyota zao nimezishusha.

Kesho yake baada ya ziara ile tulitembea wenyewe kutoka hotelini, tukapanda kuelekea upande wa mlima, tukafika msikitini mapema na mama akakaa ndani zaidi ya saa nzima. Nikimngoja, niliingia duka la vyakula vya halali lililo karibu, na mwenye duka, mgeni aliyeishi Kobe miaka mingi, alicheka niliposimulia. "Wakikuambia ni vigumu kidogo," alisema, "wamekwisha kukataa. Wewe ulikuwa unambembeleza mtu aliyekwisha kukujibu." Mama alipotoka aliuliza kama tunaweza kumtafuta yule mwongozaji amsalimie.

Kwa hiyo sijui niandike nini. Kampuni, nyota mbili. Mwongozaji mwenyewe nimempa tatu, nikazifanya nne nilipofika kwenye kisa cha merikani, na sasa nimeitazama tena ile picha ya viatu na nimerudi kwenye tatu. Mwakani nikienda kufuatilia magari nitamwomba yeye yuleyule, ila kwenye fomu sitaandika tena kwamba mama anatamani. Nitaandika saa sita kasorobo hadi saa sita na robo, msikitini, na chakula baadaye.