Rauta ya fiba na laini ya simu: miezi 7 kwenye maabara ya hospitali

Aisee hii rauta ya laini mbili, fiba upande mmoja na laini ya simu upande wa pili, nimekaa nayo miezi 7 kwenye maabara ya hospitali ambako majibu ya damu yanaenda wodini kwa mtandao. Ukikata pale sio kwamba mtu kakosa video, ni daktari kasimama kitandani kwa mgonjwa anasubiri majibu ya potasiamu na hayaji.

Zamani tulikua na fiba peke yake, mkataba umeandikwa itakua hewani asilimia 99.9 ya muda. Inasikika kubwa ila piga hesabu, hapo wanaruhusiwa kukuzimia karibu masaa 9 kwa mwaka na hawajavunja chochote.

Sasa rauta yenyewe. Kuhama kwenda laini ya simu inachukua kama sekunde 10, safi sana. LAKINI ilivyokuja inapima getiwei tu, yaani kile kituo cha kwanza cha mtoa huduma. Wiki ya pili fiba ikafa huko mbele, getiwei inajibu, taa ya kijani inawaka vizuri kabisa na rauta imetulia tu haihami, dakika 40 mimi napandisha ngazi mbio na karatasi za majibu mkononi. Nikaingia kwenye setingi nikaiambia ipingi, yaani ibishe hodi isubiri jibu, 1.1.1.1 na 8.8.8.8, seva za Cloudflare na Google huko mbele kwenye intaneti, zote mbili zikikaa kimya mara tatu ndo ihame. Toka siku hiyo haijanitia hofu tena.

Kwenye usalama ina WireGuard ndani, ni aina ya VPN, yaani njia ya siri ya kupitisha data kwenye intaneti, na hapo ndo nimeipendea kabisa, anwani ya IP ikibadilika wakati wa kuhama VPN inaendelea yenyewe, ile yetu ya zamani kila ikihama watu wote walikua wanalogin upya. Nisichokipenda ni paswedi ya kiwandani, haikulazimishi kuibadilisha, kwa kifaa cha hospitali hilo ni kosa kubwa jamani.

Na kabla hujanunua muulize mtoa huduma wa laini ya pili mnara wake unalishwa na fiba inayopita mtaro gani, maana kama ni mtaro mmoja na fiba yako basi katapila likichimba pale umekosa zote.

Nyota 4. Kila Jumatatu asubuhi kabla sampuli hazijaanza kuja nachomoa fiba kwa mkono, nasimama na saa naihesabia.