Kampuni ya matembezi ya Vatikani: mwongozaji aliyeruka Hukumu ya Mwisho

Kama unakwenda kuona michoro ya Michelangelo, usichukue mwongozaji. Au mchukue, lakini si huyu wetu.

Ndani ya Kanisa la Sistina waongozaji hawaruhusiwi kuhutubia, kwa hiyo maelezo hutolewa kabla, nje uani, mbele ya mabango ya picha. Dari alilieleza weee, Adamu, Nuhu, manabii, mpaka miguu ikafa ganzi. Ukuta wa madhabahu, ndiyo hiyo Hukumu ya Mwisho, kazi ya kuanzia 1536 hadi 1541? "Huo mtauona ndani." Basi.

Nikamuuliza kwa adabu: yule mwenye masikio ya punda pale chini kulia ni nani? Akanikata jicho, akasema kwa sauti kwamba kundini kuna watoto. Watu wote wakageuka kunitazama, mimi mama mzima! Na huyo mtoto ni wangu, tena ndiye aliyenituma niulize.

Mwenye masikio ni Minos, mwamuzi wa kuzimu, na inasimuliwa kwamba sura ni ya Biagio da Cesena, msimamizi wa sherehe wa Papa Paulo III. Biagio alilalamika kuwa uchi ule unafaa mabafuni na vilabuni, si kanisani. Michelangelo akamweka motoni, nyoka anamng'ata pale pale panapouma. Alipokwenda kushtaki, Papa eti akamjibu kwamba jehanamu yeye hana mamlaka. Stori kama hii unairukaje, jamani?

Na haikuishia kwenye utani. Baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, iliamriwa uchi ufunikwe. Mwaka 1565, Michelangelo keshazikwa, mchoraji Daniele da Volterra akapewa kazi ya kuwavika watakatifu vitambaa vya kuchorwa. Kwa Mtakatifu Katarina na Mtakatifu Blasi hata plasta ilibanduliwa, wakachorwa upya. Ukarabati uliokamilika 1994 uliondoa baadhi ya vitambaa vya baadaye, vya Daniele vikaachwa. Kumbe yule bwana wetu mwenye haya ana ukoo mrefu!

Tulipoingia, nakiri hasira ilikatika. Ile buluu. Kristo hana ndevu, mkono juu. Mtume Bartolomayo, yule inayesimuliwa kwamba alichunwa ngozi, ameshika ngozi yake mwenyewe, yenye uso unaosemekana ni wa Michelangelo. Nikasema nitampa mwongozaji nyota tatu, maana foleni alituvusha upesi. Mara akaanza kugonga saa yake, twendeni, twendeni.

Moja. Na chenji ya vipokea sauti bado naidai.