Kununua magogo kwenye misitu ya vijiji, Kilwa: huduma ikoje kwa mnunuzi?

Mfanyabiashara wa mbao anayetafuta mninga, mkongo au mpingo kusini mwa Tanzania anaweza kwenda kwenye misitu ya Serikali inayosimamiwa na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), au akanunua kwenye msitu wa hifadhi wa kijiji. Hapa tunaangalia njia ya pili, kama inavyofanya kazi katika vijiji vya wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Mali ni nzuri na muuzaji ana uhalali kamili, ila usiende ukiwa na oda ya wiki ijayo.

Kwanza ujue unanunua kwa nani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilikipa kijiji mamlaka ya kutenga msitu kwenye ardhi yake, kuutungia sheria ndogo na kubaki na mapato ya mauzo. Mwenye mali ni wanakijiji wote, na wanasema kupitia Mkutano Mkuu. Halmashauri ya kijiji inasimamia, na Kamati ya Maliasili ndiyo inayoingia porini: inapiga doria, inahesabu miti na kusimamia ukataji. Kwa hiyo ukimalizana na mwenyekiti peke yake, hujanunua kitu. Kabla ya kutoa hata shilingi, omba muhtasari wa Mkutano Mkuu uliopitisha mauzo, pamoja na orodha ya mahudhurio. Ukiambiwa muhtasari utaandikwa baadaye, ondoka. Wanakijiji wakisikia miti imeuzwa bila mkutano watalizuia gari lako, na haki iko upande wao. Malipo nayo yaende kwenye akaunti ya benki ya kijiji na upewe stakabadhi, si mkononi mwa mtu.

Nyaraka ya pili ya kudai ni mpango wa uvunaji. Huu unatokana na upimaji shirikishi, ambapo kamati hupima miti kwenye maeneo ya sampuli na kukadiria kiasi kinachoweza kukatwa kila mwaka, kwa kila aina ya mti na kwa kitalu, yaani kipande cha msitu kilichotengwa kwa ukataji. Mti ulio nje ya kitalu cha mwaka huo hauuzwi, hata ukiupenda vipi. Wanunuzi wengi wanalalamikia jambo hili, lakini kwa maoni yetu hapa ndipo ubora wa huduma ulipo: kijiji kinachokataa kukuuzia mti leo ndicho kitakachokuwa na mti wa kukuuzia baada ya miaka kumi. Mpingo haukatwi chini ya kipenyo cha sentimita 24, ukipimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa utepe wa kawaida huo ni mzunguko wa takriban sentimita 75, kwa hiyo unaweza kuhakiki mwenyewe.

Ugomvi mwingi huanzia kwenye ujazo. Gogo la urefu wa mita 3 na kipenyo cha sentimita 50 katikati lina mita za ujazo 0.59 hivi. Likipimwa pamoja na gome likasomeka sentimita 52, linakuwa 0.64. Tofauti hiyo ya asilimia 8, ukiizidisha kwa lori zima, ni fedha nyingi. Kubalianeni mapema: kipenyo kinapimwa wapi kwenye gogo, pamoja na gome au bila gome, na namba zinaandikwa kwenye daftari mbili, lako na la kamati. Kwa mpingo, kumbuka shina lake mara nyingi lina mikunjo, na sehemu nyeupe ya nje haikufai kwa kazi ya kiini cheusi. Unalipia gogo zima lakini unapata sehemu ndogo. Gonga shina kwa kisogo cha shoka kabla halijaangushwa. Likitoa sauti ya uwazi, mwambie mjumbe wa kamati mtafute mti mwingine.

Panapokera zaidi ni ngazi za idhini. Marekebisho ya kanuni ya Mei 2019, Tangazo la Serikali Na. 417, yaliongeza mkono wa wilaya na TFS kwenye uvunaji wa misitu ya vijiji. Kijiji kikiwa tayari, wewe bado unaweza kusubiri kikao cha kamati ya uvunaji ya wilaya. Hilo si kosa la kijiji, lakini anayeumia ni kijiji: mnunuzi akichoka anahamia kwa mwenye magogo ya magendo, ambaye hana doria ya kulipia wala mpango wa kuandaa, hivyo bei yake iko chini. Muulize ofisa misitu wa wilaya ratiba ya vikao na utaratibu unaotumika sasa kabla ya kumlipa mtu wa msumeno.

Magogo yakishagongwa alama rasmi ya nyundo na hati ya kusafirishia kutolewa, linganisha idadi, aina na ujazo na kilichopakiwa. Hati ikisema mninga na kwenye lori kuna mkongo mmoja, geti la maliasili, yaani kizuizi cha ukaguzi barabarani, litashusha mzigo wote. Uliza pia saa zinazoruhusiwa kusafirisha.

Kwa anayeuza nje kuna faida ya ziada. Baadhi ya misitu ya vijiji Kilwa iliingia kwenye cheti cha FSC (cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu) mwaka 2009 kupitia shirika la uhifadhi la MCDI, na watengenezaji wa klarineti na obo, ala za kupuliza zinazochongwa kwa mpingo, wanaithamini karatasi hiyo. Kagua kama kijiji chako bado kimo kwenye cheti. Mpingo pia unahitaji kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini), kwa kuwa jamii yake yote ya Dalbergia iliorodheshwa tangu Januari 2017.

Anza makaratasi wakati masika bado yananyesha, ili ukataji uanze barabara zikikauka. Ukichelewa hadi Novemba, magogo yako yatalala porini hadi msimu ujao, na sehemu ya nje ya mninga uliolala chini kwenye unyevu haichelewi kushambuliwa na wadudu.